Amana Ambayo Mwenyewe Aomba Ipotee

Katika sharia yetu udongo ni kitu cha kusafishia. Asiyepata maji, au akayapata lakini akachelea maradhi, huupiga udongo kwa viganja vyake akapangusa uso na mikono, akaingia katika Sala. Na chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na moja katika mara hizo ni kwa udongo. Watoto wetu hujifunza haya chuoni wakiwa wadogo sana, na kwa sababu hiyo wengi wetu tumekua na dhana kwamba udongo, ukiiondoa ile najisi ionekanayo kwa macho, ni kitu kisichochafuka. Mvua ikinyesha na jua likawaka, basi mambo yamekwisha (ijapokuwa kwa madhehebu yetu ya Kishafii jua peke yake halitahirishi kitu).

Lakini leo duniani kuna viwanda ambavyo kazi yake ni kuusafisha udongo wenyewe. Udongo huo hutoka chini ya vituo vya mafuta ambavyo matangi yake yamevuja, au katika viwanja vya viwanda vya zamani, au mahali palipoyeyushwa betri za magari, au kwenye machimbo ya madini. Na udongo wa namna hii si lazima uwe najisi. Risasi si najisi. Lakini kitu chaweza kuwa tohara na bado kikaua, na kula kinachodhuru ni haramu hata kiwe tohara kama lulu. Kina mama wenye mimba wanaotafuna udongo wa sokoni wangelifikiria neno hili, ingawa si maudhui yetu ya leo.

Maudhui yetu ni mtu mmoja asiyetajwa sana: yule anayekaa mlangoni mwa kiwanda kama hicho, akaupokea udongo unapoletwa. Ili hukumu yake ieleweke, yapasa kwanza kazi yake ieleweke.

Lori likifika halifunguliwi mlango hivi hivi. Hupandishwa kwanza juu ya mizani likapimwa na mzigo wake, na likitoka tupu hupimwa tena, ikajulikana tani ngapi zimeingia. Dereva huja na karatasi isemayo udongo huu umechimbwa wapi, ni kiasi gani, na umeingiwa na nini. Mpokezi huisoma karatasi, kisha huutazama udongo: rangi yake, harufu yake, kama mna vipande vya mapipa au vya mabati ya asbesto. Huchukua kidogo kidogo kutoka pembeni na katikati, juu na chini, akatia chupani, akaandika namba, na chupa ikapelekwa maabara. Mpaka jawabu lirudi mzigo ule hukaa peke yake juu ya sakafu ya saruji yenye mitaro ya kukusanya maji, umefunikwa turubai ili mvua isiuoshe wala upepo usiupeperushe. Na lori halitoki mpaka magurudumu yake yameoshwa, lisije likaibeba sumu ile mpaka mjini.

Baada ya hapo ndipo huja matibabu, na matibabu hufuata ugonjwa. Udongo ulioingiwa na mafuta huweza kurundikwa ukatiwa hewa na unyevu na mbolea kidogo, na vijidudu alivyoviumba Mwenyezi Mungu vikayala mafuta yale kwa muda wa miezi. Mwengine hutiwa katika tanuri la moto wa mamia ya digrii, sumu ikatoka kuwa mvuke, na mvuke ule ukashikwa na kuchomwa. Mwengine huoshwa kwa maji, kwani sumu hupenda kushikamana na chembe nyembamba za tope kuliko mchanga na kokoto. Basi mchanga na kokoto hutoka safi, na lile tope linalobaki ndilo lililokusanya shari yote. Ama madini kama risasi, hayaliwi na kijidudu wala moto hauyamalizi. Huweza kufungwa kwa saruji au chokaa yasitembee, au udongo wenyewe ukazikwa katika shimo lililotandikwa plastiki nene na udongo wa mfinyanzi, likafunikwa na kulindwa miaka na miaka.

Nimeyaeleza haya kwa urefu ili msomaji aone jambo moja. Yote hayo hutegemea neno lililosemwa mlangoni. Udongo wenye risasi ukiandikwa kuwa ni udongo wa dizeli, utarundikwa pamoja na udongo wa dizeli, utatiwa hewa na mbolea, na baada ya miezi utatoka na risasi yake kama ulivyoingia. Kisha utapewa karatasi ya kuwa umesafika, na utauzwa kwa kujazia kiwanja, na juu ya kiwanja kile mtu atajenga nyumba, au watu watafanya uwanja wa watoto wa mpira.

Sasa, kijana mmoja niliyemsomesha zamani, ambaye hufanya kazi ya namna hii katika nchi moja ya Ghuba, alikuja likizo akanikuta barazani baada ya Alasiri. Aliniambia, "Maalim, lilikuja lori na karatasi yasema udongo wa dizeli. Mimi dizeli naijua harufu yake. Ule haukuwa dizeli. Kichwa kiliniuma mpaka usiku. Nilipomwambia msimamizi, alinijibu nipime uzito nitie saini, kwani kuna lori jengine lanangoja nyuma." Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike: "Maalim, ule udongo si wangu. Sikuuchafua mimi, na karatasi ameiandika mwengine. Mimi ni mpokezi wa mlangoni tu. Jee, nina dhambi?"

Nilimwambia, "Mwanangu, swali lako ni kubwa kuliko unavyodhani, niache nilitazame."

Wanavyuoni wetu wana mlango katika fiqhi uitwao mlango wa wadia, yaani mali ambayo mtu huiweka kwa mwenziwe amhifadhie. Na jambo la kwanza wanalolizungumza katika mlango huo ni hukumu ya kupokea. Wamesema kwamba mwenye kushindwa kuihifadhi amana ni haramu kwake kuipokea. Mwenye kuweza kuihifadhi lakini haiamini nafsi yake, ni karaha kuipokea. Na mwenye kuweza na nafsi yake akaiamini, huyo yapendeza aipokee. Tazama walivyoanza! Hawakuanza na mwenye mali. Wameanza na mkono ulionyoshwa kupokea, wakauuliza: unaweza?

Mtu atasema: Sheikh, wadia ni dhahabu na fedha na nguo, vitu vyenye thamani. Utalinganishaje na udongo wenye sumu ambao hakuna mtu anayeutaka? Nasema kwamba tofauti hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayolifanya jambo hili kuwa zito zaidi. Anayeweka dhahabu kwako atarudi kuiuliza. Atakuja Ijumaa, atakuja mwezi ujao, na usipompa atakushitaki. Amana ya dhahabu ina mlinzi wake, naye ni uchoyo wa mwenyewe. Ama aliyekuletea udongo wa sumu, huyo akishatoka mlangoni hageuki nyuma. Furaha yake ni kuwa usimrudie. Hii ni amana ambayo mwenyewe aomba ipotee, na ikipotea hatasikitika, wala hatakuja kukudai. Wenye kudhurika ni watu ambao hawakuwapo mlangoni wala hawajui kama kuna lori lililopita: mwenye kisima kilichoko bondeni, mtoto atakayezaliwa baada ya miaka kumi. Basi amana ya kawaida ina mashahidi wawili, mwenye kuweka na mwenye kupokea, na hii ina shahidi mmoja tu. Naye ni yule kijana mwenye chupa na kalamu.

Kwa hiyo kusema "mimi ni mpokezi tu" ni kuligeuza jambo. Upokezi ndio kazi yenyewe.

Mfano mkubwa wa jambo hili ulitokea mwaka 2006. Mwezi wa Julai meli iitwayo Probo Koala ilifika bandari ya Amsterdam, Uholanzi, na ndani yake mna maji machafu yaliyotokana na kuoshea mafuta kwa dawa kali, yamejaa salfa. Watu wa bandarini wenye kazi ya kupokea taka za meli walianza kuyapokea kwa bei ndogo waliyoagana. Harufu ikatapakaa, watu wa karibu wakalalamika, maji yakapimwa, na wapokezi wakasema kazi hii si ile tuliyoambiwa. Na bei ikapanda zaidi ya mara thelathini. Wenye mzigo wakaona ghali. Yaliyokwisha kuteremshwa yakarejeshwa melini, na meli ikaondoka.

Mwezi wa Agosti meli ikafika Abidjan, Kodivaa. Huko kulikuwa na kampuni changa, iliyopata leseni yake wiki chache tu nyuma, isiyo na tangi wala mtambo wala tanuri. Ikakubali kwa bei ndogo sana. Malori ya matangi yakajazwa usiku, na yakamwaga mzigo ule katika jaa la taka la Akouédo na katika mahali pengine pengi pa mji, mitaroni na kando ya njia. Asubuhi mji ukaamka na harufu. Watu wasiopungua makumi ya maelfu walikwenda hospitali, na serikali ya huko ikahesabu waliokufa zaidi ya kumi. Mwaka 2008 mahakama ya Abidjan ilimhukumu mkuu wa kampuni ile kifungo cha miaka 20. Uholanzi nako, mwaka 2010, kampuni iliyokuwa imeikodi meli ilitozwa faini ya yuro milioni moja.

Na yale maji yalikwenda wapi? Yaliingia udongoni. Ikabidi udongo uchimbwe, maelfu ya tani, ukatiwa mifukoni na makontenani, ukapakiwa melini na kupelekwa Ufaransa ukachomwe katika matanuri ya huko. Yaani uchafu uliokataliwa Ulaya kwa sababu ya bei ukarudi Ulaya, na sasa umekuwa udongo, umezidi uzito mara nyingi, na umepita juu ya watu.

Watu wengi waisimuliapo khabari hii humlaani mwenye meli, na anastahiki lawama yake. Mimi nataka tumtazame pia yule wa Abidjan aliyesema "leteni." Hakuwa yeye aliyeitengeneza sumu ile. Angeweza kusema maneno yale yale ya mwanafunzi wangu, kwamba uchafu si wangu. Lakini kabla hajasema "leteni" sumu ilikuwa bado imo ndani ya chuma, yaweza kupelekwa panapofaa. Neno lake ndilo lililoifungulia njia. Huyu ndiye yule wa daraja ya kwanza katika mlango wa wadia, mwenye kushindwa kuhifadhi, naye akapokea.

Na ili tusimtazame mwovu peke yake, kuna daraja ya tatu, ya mwenye kuweza na akapokea kwa ajili ya wenziwe. Baada ya mtambo wa nguvu za nyuklia wa Fukushima, Japani, kuharibika mwaka 2011, mashamba na nyua na viwanja vya shule katika mkoa ule vilikwanguliwa tabaka ya juu ya udongo, na udongo ule ukatiwa katika mifuko mikubwa myeusi iliyorundikwa kila pahali. Lazima pangepatikana pahali pa kuupokea wote. Miji miwili iliyo karibu na mtambo wenyewe, Okuma na Futaba, ndiyo iliyobeba mzigo huo, katika eneo la hektari zipatazo 1,600. Malori yalianza kwenda mwaka 2015. Huko mifuko hupasuliwa, mizizi na majani hutengwa yakachomwa, na udongo hutandazwa na kufunikwa. Umekusanyika udongo wa mita za ujazo zipatazo milioni 14. Na ardhi ile haikuwa jangwa. Ilikuwa na nyumba za watu na makaburi ya wazee wao. Waliokubali kuitoa walipewa ahadi, nayo imeandikwa katika sheria, kwamba udongo huo utaondolewa uwe nje ya mkoa wao kabla ya Machi 2045.

Lakini ukitafuta katika mikoa mengine ni nani atakayeupokea, hata ule ambao vipimo vyake ni vidogo, utakuta watu wanarudi nyuma. Katika Tokyo na karibu yake wakaazi walipinga hata majaribio ya kiasi kidogo. Mwezi wa Julai 2025 mita mbili za ujazo zilipelekwa zikafukiwa katika bustani ya afisi ya Waziri Mkuu, na juu yake pakawekwa udongo safi, ili watu waone. Mita mbili katika milioni 14! Sisemi kwamba wanaokataa ni waovu. Kila mzazi huogopa. Nasema tu kwamba waliokubali walikuwa na watoto vilevile.

Turudi kwa kijana na chupa yake. Katika Hadithi mashuhuri, Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akakuta rundo la chakula, akautia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye bidhaa akatoa udhuru wa mvua. Akaambiwa kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu, watu wakakiona. Na kwamba mwenye kughushi si katika wenziwe Mtume. Sisi husoma Hadithi hii tukafikiri juu ya wauza mchele na wauza maziwa. Lakini itazame namna uchunguzi ulivyofanywa. Hakutosheka na uso wa rundo. Aliingiza mkono. Na hii ndiyo kazi hasa ya mchukua vipimo katika udongo, kwamba asichote pale juu palipokauka na kupendeza bali aingize mkono ndani.

San Francisco, Marekani, kulikuwa na karakana kubwa ya manowari pahali paitwapo Hunters Point. Meli zilizokuwako katika majaribio ya mabomu ya atomiki huko Bikini mwaka 1946 zilipelekwa hapo kusafishwa, na ardhi ya pale ikabakia na mionzi. Miaka mingi baadaye ikaamuliwa isafishwe ili pajengwe nyumba za watu, na kampuni ikapewa kazi. Wasimamizi wawili wa kazi ile walikiri mahakamani kwamba udongo uliopaswa kupimwa ulibadilishwa, ukachukuliwa udongo safi wa pahali pengine ukaandikwa kuwa ndio wa pale. Mwaka 2018 kila mmoja wao alihukumiwa kifungo cha miezi 8. Wakati huo nyumba zilikwisha kuanza kujengwa na watu wameingia. Fikiri sasa: udongo uliopelekwa maabara ulikuwa safi kweli, na maabara yakasema kweli, na kipimo kikaandikwa sawasawa. Uwongo ulikuwa mmoja tu, wa chupa hii imejazwa wapi; na uwongo huo mmoja ukaharibu kweli zote zilizokuja baada yake.

Kuna namna nyengine ya ghushi ambayo huonekana nyepesi, nayo ni kuchanganya. Udongo mchafu wa lori moja ukichanganywa na udongo safi wa malori manne, kipimo hushuka, na huenda kikashuka chini ya kiasi kilichokatazwa. Wenye kufanya hivyo husema, "Sasa uko ndani ya sheria." Muuza maziwa aliyetia maji naye huweza kusema kuwa kila tone la maziwa yake bado ni maziwa. Risasi haikupungua hata chembe. Kilichozidi ni udongo wa kuibebea, na badala ya lori moja la kulilinda mna malori matano yasiyolindwa na mtu. Na katika mlango ule ule wa wadia wanavyuoni wamesema kwamba mwenye kuwekewa amana akiichanganya na mali yake mpaka isiweze kutengwa, dhamana yamwangukia, hata kama mwanzo alikuwa mwaminifu. Vilevile akimpa mtu mwengine aiweke bila ya idhini na bila ya udhuru. Nimeshangaa, nilipokuwa nikizisoma upya mas'ala hizi, jinsi zilivyokaa kana kwamba ziliandikwa kwa ajili ya uwanja wa malori.

Basi kijana afanye nini? Yeye ni mtu wa mshahara, pasi yake i mikononi mwa tajiri, nyumbani kuna mama na ndugu wanaongoja pesa za mwisho wa mwezi. Wako masheikh watakaomwambia aache kazi leo, nao wamekaa majumbani mwao wamekula wakashiba. Mimi sikumwambia hivyo. Nilimwambia kwamba saini ni ushahidi, na ushahidi ni juu ya kile ulichokiona wewe, si kile alichokiandika mwenzako. Ikiwa umenusa harufu isiyo ya dizeli, andika katika kitabu cha zamu kwamba umenusa harufu isiyo ya dizeli, na siku, na saa, na namba ya lori. Chukua kipimo cha kweli, kutoka ndani. Uombe mzigo ukae peke yake mpaka jawabu lirudi; kwani kuuchelewesha si kuukataa, na kuna wakubwa wengi wanaoogopa kukataa mteja lakini hawachukii kungoja siku mbili. Hayo yamo katika uwezo wako, na kwa hayo utaulizwa. Ikiwa baada ya hayo aliye juu yako ameamuru udongo uingie, jukumu limepanda kwake kwa kiasi kile ulichokuwa huna uwezo nacho.

Akaniuliza, "Na wakinambia niyafute niliyoyaandika?"

Hapo, mwanangu, si mpokezi tena. Aliyeambiwa aufiche ushahidi wake kwa mkono wake mwenyewe hana wa kumsingizia. Hapo ndipo pa kutafuta riziki nyengine, ijapokuwa kwa tabu, na sisi tuliobaki nyumbani ni wajibu wetu kumpokea bila ya kumcheka kwamba amerudi Ghuba mikono mitupu. Hii nayo ni sehemu ya mas'ala ambayo jamaa huisahau. Kijana huvunja amana mara nyingi kwa kuogopa ulimi wa nyumbani kuliko kumwogopa tajiri.

Wala jambo hili si la Ghuba na Ulaya tu. Hapa Mombasa, upande wa Mikindani, katika mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuu kuu ili kupata risasi, ukuta wake umepakana na nyumba za watu. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, mwanawe mchanga alipopimwa alikutwa na risasi damuni, na kuanzia hapo akasimama kuwatetea watu wa mtaa ule. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliwahukumia watu wale fidia ya shilingi bilioni 1.3, na ikaamuru pahali pale pasafishwe katika muda wa miezi minne. Zikafuata rufani, na mwezi wa Disemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile hukumu ya fidia.

Watu wengi waizungumzapo kesi hii huzungumza bilioni. Mimi mawazo yangu yako kwenye ile amri ya pili, kwani pesa haziitoi risasi udongoni. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako zaidi ya watoto 400 walikufa mwaka 2010 kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu majumbani, madaktari walikuta kwamba haina faida kumpa mtoto dawa kisha akarudishwa katika ua ule ule. Ikabidi kwanza udongo wa nyua ukwanguliwe na kuzikwa, na udongo safi uletwe. Mtoto hutambaa, hutia mkono kinywani, na risasi humo ndimo ipitamo.

Lakini udongo ukikwanguliwa hupakiwa lori, na lori huenda pahali. Watu wa Owino Uhuru wana haki ya kuuliza lori lao laenda wapi na nani atakayelipokea, na ana nini cha kulihifadhia: sakafu, turubai, shimo lililotandikwa, watu wa kulilinda baada ya wenye mikutano kwenda zao. Na watu wa huko liendako wana haki ya kuuliza limetoka wapi na mna nini ndani. Karatasi hizo zisomwe mbele yao kabla ya lori la kwanza, na zisomwe kwa Kiswahili, kwani wakaao karibu na shimo ndio watakaokuwa wa kwanza kuona kwamba turubai limepasuka.